Koti la Posa Lisilo na Mikono

Hili nawasimulia nyinyi tu, na mkicheka chekeni taratibu, maana aibu yenyewe bado mbichi.

Siku ya kupeleka barua ya posa kwa kina Neema nilikuwa na koti la bluu lenye vifungo vya dhahabu, kaninunulia Neema mwenyewe kwa fundi mmoja wa Kariakoo. Koti safi, ila nikijitazama kwenye kioo naona mhasibu wa kanisa (samahani kama yupo hapa). Nikasema mtoto wa mjini sitoki hivi, nikachukua mkasi nikakata mikono yote miwili, nikachomeka pini kwenye kola, nikaning'iniza mnyororo mfukoni, tai nikailegeza, nikaona nimetokelezea.

Baba mdogo, mshenga wangu, aliniangalia kwenye bajaji mpaka Upanga. Sebuleni tukasalimiana, baba yake Neema akaitikia "Marahaba" huku macho yamegandia mabegani kwangu.

"Kijana amepatwa na nini?"

Sasa mnajua desturi, mposaji hafungui mdomo, msemaji ni mshenga, na baba mdogo akibanwa hudanganya kabla hajafikiri. "Mzee, tumepitia Kariakoo, vibaka wamemvuta, wakaondoka na mikono." Mama Neema akanipa pole na maji ya kunywa, shangazi mtu akawalaani hao vibaka, mimi nimeinama kama mgonjwa.

Mzee akainuka, akalipapasa koti begani. "Vibaka wa siku hizi wana mkasi mzuri," akasema. "Wamekata wakifuata mshono. Mshono wangu."

(Nilijua ana duka la vitambaa, kumbe nyuma ya duka kuna cherehani, na Neema alitaka kumfurahisha baba yake siku hiyo.) Nikajua mke sina tena.

Mzee akaikunja barua. "Hii nimepokea. Majibu yatatoka mikono ikirudi, na atairudisha mwenyewe, dukani kwangu."

Jumamosi nne nimekaa kwenye cherehani, mzee akinitambulisha kwa wateja: "Huyu ndiye aliyeibiwa mikono." Wa kushoto niliushona nyuma mbele, nikafumua nikaanza upya.

Majibu yalitoka, mchumba ninaye. Ila jana nimepita dukani nikakuta limetundikwa koti la bluu, halina mikono, pini kwenye kola, vijana wamejaa, na mzee anawaambia mtindo huo kaubuni yeye. Nikamwamkia, nikapita zangu, maana mkwe habishiwi. Na mkasi siushiki tena mpaka nijue nguo kaishona nani.