Gari Lililonuka Vitumbua

Mjukuu wangu ni mkunga. Nalitanguliza hilo, na asiyetaka kusikia bibi akijisifu na azibe masikio. Mie nilisoma Kurani chuoni juzuu mbili tatu, skuli nikafika darasa la tatu, nikatolewa nikaolewa. Na huyu mtoto wa binti yangu, aliyezaliwa na kukulia hapa kwa Waingereza, Thamesmead, kwenye magorofa ya kaunsili, kasomea kuzalisha wanawake wa Kizungu, na cheti chake kimetundikwa sebuleni juu ya televisheni, mgeni akikaa lazima akione.

Walipompa kazi walimwambia atakuwa anazunguka majumbani kuwaangalia waliojifungua. Sharti lao lilikuwa moja: awe na gari. Jumatatu asubuhi akifika bila gari, nafasi anapewa mwengine.

Gari hana. Mume wangu analo. Zee la gari, rangi ya chai ya maziwa, limetupeleka maziko na maharusi tangu binti yetu akivaa yunifomu. Basi siku ile mume wangu akasema, "Lichukue wewe, mjukuu wangu," kwa sauti ya mtu anayetolewa jino. Lakini lilikuwa linaumwa, linakunywa maji kama ngamia, kwa hivyo likapelekwa kwanza kwa fundi wetu, Thornton Heath.

Kutoka kwetu hadi Thornton Heath unapita gereji chungu nzima. Sisi hatusimami. Fundi yule ni Banyani mzaliwa wa Unguja, kakulia mtaa mmoja na mamangu mdogo, akaondoka baada ya Mapinduzi kama tulivyoondoka sisi, na Kiswahili chake kinanishinda mie. Mume wangu husema fundi wa Kizungu anaweza kulitengeneza gari, lakini hajui kuliambia pole. Banyani wetu akabadilisha gasketi ya injini, akatia oili mpya na maji mapya, akasema, "Mzee, hili sasa litakuzika wewe." Mume wangu hakupenda, lakini alirudi nalo Ijumaa limenyamaza kimya, halina moshi hata wa sigara.

Jumamosi asubuhi mjukuu akashuka na ufunguo mkononi. Akawasha.

Ule si moshi. Ule ni mkesha wa Kiyama. Ulitoka kwenye bomba la nyuma ukalala chini, ukaingia banda la mapipa ya taka, ukapanda ngazi, ukafika ghorofa ya pili na kuzivaa nguo za watu kambani. Nilikuwa dirishani, gari nikalipoteza. Nasikia tu mtoto anakohoa ndani yake.

Mume wangu akatoka na kanzu ya kulalia. "Umelifanya nini?"

"Nimewasha tu, Babu."

"Umeliwasha vibaya!"

"Kuwasha vibaya ndiyo vipi?"

"Ndiyo hivyo ulivyofanya! Miaka yote niko nalo halijanitolea moshi. Mtoto wa kike hajakaa hata kitako kikapata moto, gari lishakufa mkononi mwake." Akamnyang'anya ufunguo akautia mfukoni.

Mjukuu wangu hakulia, hatulii sisi. Lakini aliniangalia, na mie nikaiona Jumatatu inamponyoka.

Tukampigia simu mwanangu wa kiume, anayefanya kazi ya kompyuta na hivyo anajua kila kitu. Akatwambia tuangalie rangi. Moshi mweupe ni maji, moshi wa buluu ni oili, moshi mweusi ni petroli. Tukatoka kuangalia. Mume wangu akasema mweupe, maana mweupe ungemtia fundi hatiani na gasketi yake. Mjukuu akasema, "It's blue, Babu." Mie nikasema ni kijivu kama wa kuni mbichi, kwa sababu ndivyo ulivyokuwa. Tukaanza kubishana kwenye mdomo wa simu, na mwanangu akasikia rangi tatu kwa pamoja.

"Basi limekufa lote," akasema. "Liuzeni chuma chakavu."

Ndipo mume wangu akampigia fundi akamwambia katuuza. Kelele za Banyani nilizisikia mie niliyekaa jikoni. "Gasketi yangu? Yangu mie? Usiliguse! Kesho nakuja mwenyewe, moshi hautazamwi kwa simu!"

Mie sikungoja kesho. Nilijua kinachotusumbua: jicho la watu. Kazi ya mjukuu nilishaitangaza kwenye maulidi, kwenye arubaini ya mtu, hata kwenye foleni ya daktari. Nikatia makaa kwenye chetezo, nikaweka ubani na udi kidogo, nikakipeleka garini, nikakiweka chini mbele ya kiti kwenye sinia la bati, vioo nikaviacha wazi kidogo. Nikajifungia humo, nikaanza kusoma dua ninazozijua.

Mume wangu hakuniona. Alikuja kwa mlango wa upande wa pili, akatia mkono, akaliwasha tena, akitaka kuniita nje niikubali rangi yake. Sasa gari linafuka mbele na nyuma. Madirishani moshi, bombani moshi, na ndani yake kikongwe ananong'ona. Unadhani wenzetu wa ghorofa za mbele watafanya nini? Waliita zimamoto.

Wakaja na gari lao jekundu na kofia zao. Mjukuu akawaeleza kwa Kiingereza, kwa adabu, huku kajifunika uso kwa mkono mmoja. Mmoja wao, mwanamke mnene mwenye uso mzuri, akatia kichwa ndani, akakiona chetezo, akazunguka nyuma, akanusa, akanusa tena, akamuuliza mjukuu kitu.

"Anasema nini?"

"Anauliza mnapika nini, Bibi."

Nikaona dharau hiyo. Mara akashuka jirani yetu wa juu, Mkongo, mtu wa kanisa, mikono miwili kashika sahani tupu. "Mama, tangu asubuhi mi nasikia harufu ya vitumbua. Na mimi nasema, huyu Mama leo amenisahau?"

"Hakuna vitumbua! Pua yako ina njaa!" nikamwambia. Nilimkosea, na harufu ilikuwa imenijaa puani mie mwenyewe. Lakini mtu akiwa na gari linafuka na wazimamoto mlangoni, hanusi.

Jumapili fundi akaja na kigari chake cha vyombo vya kazi. Hakusalimia vizuri. Akaliwasha gari, akasimama nyuma mikono kiunoni, akavuta moshi kama mtu anayechagua mchuzi. Akazima.

"Mzee. Tangu litoke kwangu, nani kalitia mkono?"

"Hakuna."

Akafungua boneti, akauchomoa ufito wa kupimia oili. Oili ilikuwa imepita alama, imepita hata heshima, imepanda juu kabisa. Akaufuta kwa kitambaa cheupe, akakiweka kitambaa juu ya ukuta, akawasha sigara, akangoja. Ilikuwa baridi ile ya kuuma masikio. Tukasimama wote tunaangalia kitambaa kama tunangoja mwezi uandame. Pembezoni mwa doa ikaanza kuganda nta nyeupe.

Akainusa. Akanigeukia mie. "Mama, humu ndani mnakaanga?"

Mume wangu akakohoa. "Nililijaza," akasema.

"Ulilijaza nini?"

"Petroli. Maji. Upepo wa magurudumu. Yale maji ya kufutia kioo. Oili." Akajinyoosha. "Namkabidhi mjukuu wangu chombo. Sisi kwetu chombo hakitoki kitupu."

Na hilo ni kweli. Mie tangu niolewe sijamrudishia mtu bakuli tupu. Ukiniletea futari katika sahani, sahani itarudi na tende, na kama tende hakuna, itarudi na sukari.

"Lakini nilishaijaza mie!" Banyani akapiga kelele.

"Sikujua kama ulijaza kwa moyo."

"Na oili uliitoa wapi?"

"Kwenye galoni chini ya sinki."

Yarabi. Galoni lile aliniletea dada yangu kutoka Pemba. Ni galoni la oili ya gari, na picha ya gari imo, kwa sababu galoni la oili likioshwa vizuri halivuji ndani ya ndege. Ndani yake mlikuwa na mafuta ya nazi ya kukamua kwa mkono, ya nywele zangu na ya kukandia watoto wachanga.

"Hukuona kama yameganda?" nikamuuliza.

"Niliona. Nikasema oili za huku zinaona baridi kama watu. Nikaliweka galoni karibu na hita mpaka ikayeyuka."

"Ukatia kiasi gani?"

"Nimekwambia, chombo kinajazwa."

"Kichwa changu kikavu kama katani, na mafuta yangu umelinywesha gari!"

Mjukuu wangu alikuwa kakaa chini kwenye ukingo wa njia, anacheka mpaka kanyamaza, mabega tu yanakwenda. Fundi akaeleza kwamba oili ikizidi injini huitapika, na matapishi yake huingia panapowaka moto, yakatokea nyuma. Gasketi yake haina neno. Alilisema hilo la gasketi mara nyingi. Akalala chini ya gari akaitoa oili yote, akatia nyingine ya kuisafishia injini, akaitoa na hiyo, akabadilisha chujio, akatia ya mwisho, akampa mjukuu ufito aone mwenyewe alama iko wapi. Kisha wakalizungusha kwenye magorofa yetu, wao wawili. Wingu likawa ukungu, ukungu ukawa uzi.

"Harufu itabaki siku kadhaa," akasema. "Hiyo haina dawa."

Mume wangu akatoa ufunguo mfukoni. Akaugeuza, akaugeuza. "Halikufia mkononi mwako," akamwambia mjukuu. "Lilifia mkononi mwangu." Akampa, akaenda zake ndani upesi kama mwenye jambo jikoni.

Fundi wakati wa kuondoka akanikabidhi galoni langu. Zito. Nikafungua, nikaona oili chafu nyeusi imejaa mpaka shingoni.

"Fundi, nini hii?"

"Mama, mie mtoto wa Unguja. Nikurudishie tupu?"

Jumatatu mjukuu wangu aliondoka na sare yake, uzi wa moshi nyuma, na jirani wa juu kafungua dirisha ananusa kwa uchungu. Alikuwa kazini kabla ya wenzake. Jioni akarudi na bakuli la wali lililofunikwa kwa karatasi ya bati. Mzazi wa kwanza aliyemtembelea alikataa katakata atoke mikono mitupu.

"Bibi," akaniuliza, "hili bakuli narudishaje?"

"Unalirudisha limejaa," nikamwambia. "Lakini babu yako asiliguse."