Mbuzi wa Mwenye Ploti

Kwenye geti la ploti yetu ya vyumba vya kupanga, hapa mtaani Bulla Pesa, pameandikwa kwa rangi nyekundu kwamba mifugo hairuhusiwi. Aliyeandika ni mwenye ploti mwenyewe, mama wa Kimeru anayeuza viazi sokoni, na kwa ukali wake hata kuku wa majirani walipita mbali. Nilikuwa mpangaji wake kwa miaka mingi na sikuwahi kumwona akicheka bila sababu ya kutosha.

Kisha ukame ukamleta mama yangu. Mvua zilikuwa zimekosekana msimu baada ya msimu, na kule nyumbani Kipsing kundi lake lilikwisha mmoja mmoja, hadi wakabaki mbuzi wachache dhaifu, wa kuinuliwa kwa mkono ndipo wasimame. Redioni walieleza kwamba bahari imepata joto kuliko zamani, na joto hilo ndilo linalovuruga mvua zetu. Mama hajawahi kuiona bahari, lakini joto lake lilimfuata hadi malishoni. Akapanda lori pamoja na mbuzi wake, akaja kwangu.

Mmoja wao alikuwa na mimba. Alikuwa wa mwisho katika uzao wa mbuzi ambao mama alipewa na mama yake siku ya kuolewa. "Huyu akikufa," aliniambia, "mimi nimebaki mtu wa town tu." Hakulia aliposema hivyo. Mimi ndiye niliyeumia.

Mwenye ploti aliwatazama mbuzi, akatazama maandishi yake, akamtazama mama. "Siku chache tu," akasema. Tangu hapo alirudi kila jioni na majani ya kabeji kutoka sokoni, akiyamwaga karibu na mbuzi kana kwamba yamemponyoka. Nami nilijifanya sioni, maana ningemshukuru angeacha.

Mvua ilipofika, ilifika alasiri moja kwa hasira. Nyumbani kwetu mvua ya kwanza haikimbiwi. Watu na mifugo husimama nje waipokee. Mama akafungua kamba, akawatoa mbuzi katikati ya uwanja, akainua viganja na kuomba dua. Nikasimama kando yake nikiwa nimelowa chepechepe, nikilia kwa furaha. Maji ambayo zamani yangegawanywa kwa majuma yalimwagika yote kwa mkupuo, yakaingia getini yamebeba ndara za watu na mifuniko ya sufuria.

Mwenye ploti akatoka na gunia kichwani. "Mama, toa hizo mbuzi kwa mvua."

"Hii ni baraka," mama akasema.

"Ni baraka, sijakataa. Lakini hizo hazina mafuta kwa mwili. Baridi itazimaliza."

Mama alilijua hilo kuliko sisi sote. Mifugo iliyochoshwa na ukame huuawa na mvua ile ile iliyongojwa. Furaha ilikuwa imemsahaulisha, na aliposhusha mikono, yule mwenye mimba alikuwa amekwisha kupiga magoti ndani ya maji.

Mwenye ploti hakungoja mtu. Alimbeba kifuani kama mtoto, akampeleka stoo yake ya viazi na kumlaza juu ya magunia makavu. Akawasha jiko, akauacha mlango wazi, akamsugua mbuzi kwa kitambaa chake cheupe cha kanisani. "Kwetu mlimani ndama akizaliwa na baridi tunafanya hivi," akasema. Mama akamtilia mdomoni chai ya moto kiasi yenye sukari nyingi, na wote wawili wakabishana ni nani anayemsumbua mgonjwa. Mbuzi wengine niliwaingiza chumbani kwangu, wakapanda kitanda. Baadhi yao walikufa kabla mvua haijakatika. Yule wa stoo akainua kichwa, akaanza kula gunia.

Alizaa humo humo, mtoto wa kike. Alipoachishwa kunyonya, mama akamkabidhi mwenye ploti kamba ya mbuzi huyo mdogo. Kwetu aliyekuokolea mnyama halipwi. Hupewa mnyama aliye hai, wa kuzaa, ili nyumba mbili ziwe moja.

"Nitaiweka wapi," mwenye ploti akauliza, "na si umeona nimeandika hapo?"

"Mimi sijui kusoma," mama akamjibu.

Siku hiyo nilimwona mwenye ploti akicheka mpaka akashika ukuta.

Nyasi zilipoota mama alirudi Kipsing na mbuzi wake, na ni mfugaji hadi leo. Kwa hilo namshukuru Mungu, kisha namshukuru mama mmoja mkali. Hali ya hewa haijatulia. Tunakaushwa, halafu tunafurikwa. Maandishi bado yako getini. Lakini wingu likikusanyika nikiwa kazini, simu yangu hulia kabla ya tone la kwanza.

"Uko wapi?" mwenye ploti huuliza. "Kuja haraka tuingize mbuzi yetu."