Kosa Nililolifanyia Uani

Kocha alinikosoa kosa ambalo sikuwahi kulifanya mbele yake.

Ndiyo, soma tena. Hakuna aliyenichongea wala kunipiga video. Kosa lenyewe nililifanyia uani kwetu, mama amelala ndani, tuko mimi na kamba ya nguo tu.

Ngoja nianze mwanzo, maana najua mmeanza kukunja nyuso.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, na nilikuwa bondia. Usicheke. Waliocheka wakati ule wengi niliwanyamazisha kwa ngumi ya kulia.

Tulikuwa tunafanyia mazoezi kwenye ghala la zamani, bati linavuja, magunia matatu na ulingo wenye kamba zilizolegea. Lakini tulikuwa na Kocha. Huyo alitosha.

Kocha alikuwa bingwa enzi zake. Mkanda wake ulining'inia ukutani ndani ya kioo, na chini yake picha za watoto wote aliowatoa. Hata wazee waliomzidi umri walimpisha njia.

Ila alikuwa na ugonjwa mmoja. Akiona kosa, lazima aliseme. Siku moja tukiwa barabarani alimsimamisha kibarua asiyemjua kabisa, amfundishe kukunja magoti wakati wa kubeba ndoo ya zege. Yule kibarua alibaki mdomo wazi. Sisi tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Kicheko kile nikikumbuka sasa, kinanitia baridi.

Baba yangu ni dereva wa malori ya safari ndefu, tunamwona kwa nadra. Mama anafanya kazi kiwanda cha mikate. Anatoka alfajiri, akirudi yuko hoi, jioni jua halijazama ameshajilaza.

Kocha alipokuja nyumbani mara ya kwanza, alimwambia, "Mama, huyu mtoto ni lulu. Mwaka huu nampeleka timu ya vijana, atapanda ndege. Niachie mimi."

Mama alilia kwa furaha. "Kocha, kuanzia leo wewe ni baba yake."

Basi nikawa na baba wa pili. Na safari ile nikaitaka kuliko kitu chochote duniani. Jina langu lingeenda kwa sahihi ya Kocha, si vinginevyo.

Haikupita muda, ujumbe ukaanza.

Namba nisiyoijua. "Leo umesahau kuanua soksi nyeupe."

Nikatoka uani. Soksi yangu moja nyeupe ilikuwa imebaki peke yake kwenye kamba.

Nikatulia. Nikajiambia ni jirani mtani.

Siku nyingine: "Rafiki yako yule mfupi anakucheka ukishageuka."

Nyingine: "Umekula umesimama. Una haraka ya kwenda wapi?"

Hapo ndipo damu ilipoanza kunichemka na kupoa kwa wakati mmoja. Kuna mtu alikuwa ananiona.

Sasa wewe ungemkimbilia nani? Mimi nilimkimbilia Kocha.

Alisoma ujumbe wote taratibu, akanirudishia simu. Akauliza swali moja.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Safi. Usimwambie mama yako. Atakutoa kwenye ngumi, na safari inafia hapo hapo. Hili liwe letu wawili."

Nikashukuru. Wallahi nilimshukuru!

Akaanza kunisindikiza nyumbani kila baada ya mazoezi. Njiani ananiuliza maswali. Nani anakuja kwenu? Unaongea na nani shuleni? Rafiki yangu Kifupi, ambaye tumekua naye toka tunanyang'anyana penseli, Kocha akasema ndiye anayetoa habari zangu. "Wivu, binti yangu. Marafiki ndio huanza." Nikaacha kumsalimia Kifupi. Alinililia mbele ya darasa zima, nami nikatazama pembeni.

Halafu akanitajia Chuma.

Chuma ni dada aliyekuwa bondia wa Kocha zamani. Picha yake ilikuwa kubwa kuliko zote pale ukutani. Aliacha ngumi ghafla, hakuna aliyejua kwa nini. Sasa alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu na kusajili laini, jirani na kwetu, mbele ya ghorofa moja ambalo mwenye nalo alianza kulijenga, pesa zikamwishia, akaliacha bila madirisha.

"Fikiria mwenyewe," Kocha akaniambia. "Mtu mwenye laini mpya kama njugu. Mtu aliyeshindwa, anakuona wewe unapanda. Kaa naye mbali."

Ikaingia akilini mara moja. Maana kila jioni Chuma alikuwa anakaa kwenye benchi nje ya kibanda chake, uso umeelekea upande wa kwetu, hapepesi. Wateja wanakuja, anawahudumia huku jicho liko kule kule.

Siku moja aliniita. "Mdogo wangu, njoo mara moja."

Nilitimua mbio, begi la glovu likinipiga mgongoni. Nikamsimulia Kocha. Akatabasamu, akanipapasa kichwa. "Ndiyo maana nakupenda. Unasikia."

Kwa hiyo hesabu ya maisha yangu ikawa hivi: rafiki sina, mama simwambii, jirani namkimbia. Nimebaki na Kocha.

Jioni nilikuwa na zoezi la ziada, kupigana na hewa uani kwetu. Hofu ikanizalia tabia. Kila nikitaka kurusha ngumi ya kulia, kwanza nageuza shingo, naangalia mlango wa nyuma. Nilijua ni kosa. Bondia akigeuza shingo ulingoni anaamkia hospitali. Lakini sikuweza kujizuia.

Ghalani sikufanya hivyo hata mara moja. Kule ndiko mahali pekee nilipokuwa navuta pumzi. Kule kulikuwa na Kocha.

Sasa siku hiyo napiga pedi alizovaa Kocha mikononi, jasho linatiririka, najisikia vizuri kabisa. Akasimamisha zoezi.

"Vizuri. Ila acha ile tabia ya kugeuza shingo kabla ya kupiga kulia. Itakuua."

Nikasema, "Sawa, Kocha."

Nikaendelea kupiga. Ngumi ya tatu ndiyo akili ikanirudi. Tabia ipi? Ameiona wapi?

Nikatafuta sababu, maana moyo haukutaka. Nikamfuata binti ninayepigana naye mazoezini. "Hivi mimi huwa nageuza shingo?"

"Wewe? Wewe unakodoa macho kama samaki wa friji. Unageuza saa ngapi?"

Nikacheka naye. 

Jioni ile niliamua kutega mtego. Mimi natumia mkono wa kulia, mguu wa kushoto unatangulia. Nikageuza kila kitu. Nikasimama kikushoto, vibaya mno, kama mlevi anayetafuta kiatu chake. Nikapigana hivyo na hewa mpaka jua likazama.

Kesho yake Kocha alikuwa ananifunga bandeji mkononi. Sijavaa hata glovu. Sijarusha hata ngumi moja.

Akasema bila kuniangalia, "Na hii ya kubadili miguu usiniletee. Wewe ni wa kulia, Mungu hakukosea."

Nilitazama upara wake ulioinama juu ya mkono wangu, na nikamwogopa kama sijawahi kumwogopa mtu. Alikuwa anafunga bandeji vizuri sana, kwa upole, kama siku zote.

"Sawa, Kocha," nikasema.

Nyumbani nilisimama uani nikaangalia ni nini kinachouona uwanja wetu. Ukuta ni mrefu. Majirani hawana ghorofa. Kilichokuwa kinachungulia juu ya ukuta kilikuwa kimoja tu, lile jengo lisiloisha, na matundu yake ya madirisha.

Nikamwamsha mama. Nikamwambia yote, ujumbe, shingo, miguu.

Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniumiza. "Mwanangu, Kocha? Mwalimu mzuri ana macho hata kisogoni. Au mmekorofishana?"

"Mama, anaona uani kwetu!"

"Nitamuuliza mwenyewe kesho."

"Usimuulize!" nilipiga kelele mpaka akashtuka. Angemuuliza, angejibiwa vizuri, na mimi ningebaki mwongo.

Nilikuwa nimebakiwa na mlango mmoja, ule niliokatazwa kuugusa.

Nilimkuta Chuma amefungua simu ya mtu, bisibisi mkononi. Hakushangaa. "Nilidhani hutakuja."

"Dada, kwa nini unanitazama kila jioni?"

Akaweka bisibisi chini. "Kaa hapa. Hapa nilipokaa mimi."

Nikakaa kwenye benchi.

"Unaona kwenu?"

Nikaangalia. Ukuta wa lile ghorofa ulikuwa umeziba nyumba yetu yote, hata bati halionekani. Kilichoonekana mbele yangu kilikuwa ngazi za jengo, mwanzo mpaka mwisho.

"Sijawahi kukutazama wewe," Chuma akasema. "Mimi namtazama yeye akipanda."



Akanisimulia kwa kifupi, macho yako barabarani. Na yeye aliletewa ujumbe wa namba asiyoijua. Na yeye alimkimbilia Kocha. Na yeye aliambiwa asimwambie mama. Alipokuja kumwambia, mama yake alimwita Kocha nyumbani aje amkanye mtoto aache uongo. Chuma akaacha ngumi siku ile.

"Nilikuwa na kibanda stendi, biashara nzuri tu. Nilipokuona unapita na begi la glovu, naye nyuma yako, nikahamia hapa. Ningesema, nani angeniamini? Mwenye wivu, si ndiyo?"

Niliinamisha kichwa. Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

"Mama yangu naye haniamini," nikamwambia.

"Haamini kwa masikio. Mlete atumie macho."

Simu ya mama ilikuwa inajizima zima. Nikamwambia kuna dada anatengeneza na kusubiri ni palepale kwenye benchi. Jioni akajivuta, akaenda huku analalamika usingizi. Mimi nikaingia uani, simu nikaiweka juu ya mfuniko wa pipa la maji.

Nikaanza kurusha ngumi. Mikono ilikuwa mizito. Nilimwomba Mungu Kocha aje, halafu nikaomba asije, ili nimrudishie heshima yake na mimi nirudishiwe safari yangu. Sitawaficha hilo.

Simu ikalia.

"Leo huna utulivu. Unamtazama nani huku juu?"

Sijamaliza kusoma, nikasikia sauti kutoka kwenye tundu la dirisha la lile jengo. Sauti ya mama.

"Anamtazama mama yake."

Nilitoka mbio mpaka mbele ya jengo. Mama baadaye alinisimulia kwamba alipomwona Kocha anaingia alidhani anakwenda kujisaidia. Alipoona hatoki, akavua ndala akapanda ngazi peku, akamsikia anajisemea, "Unamtazama nani?"

Chini ya ngazi alisimama Chuma, miguu imejipanga, mguu wa kushoto mbele. Kocha mwenyewe ndiye aliyemfundisha msimamo ule. Kocha aliposhuka akamkuta pale, akasimama.

Lakini mtu yule alikuwa fundi. Aligeuka kwa mama, sauti imetulia kabisa.

"Mama, nisamehe nimekuficha. Kuna mtu anamsumbua huyu binti kwa ujumbe. Muulize mwenyewe, aliniambia mimi. Napanda hapa kumlinda."

Na mama, Mungu ni shahidi, akasita. Niliona uso wake unalegea. Alitaka sana iwe kweli.

Sikubishana. Simu ilikuwa bado mkononi, nikaipiga ile namba.

Mfukoni mwa suruali ya mazoezi ya Kocha, kitu kikaanza kuita.

Kiliita muda mrefu.  Kocha alikaa kwenye ngazi.

Watu hupenda nisimulie kwamba mama alimpiga. Hakumpiga. Alishika mkono wangu kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi, akamwambia Chuma, "Mwanangu, waite polisi." Alimwita mwanangu, naye Chuma, mtu mzima, akalia palepale.

Safari ilikufa. Timu iliondoka bila mimi, nikaitazama kwenye televisheni ya jirani na roho iliniuma, sitaki kuwadanganya. Wazazi wengine mpaka leo wanasema tulimharibia jina mtu mwema. Mama akiwasikia husema, "Wahenga walisema mchawi mpe mwana alee. Mimi nilimpa na machozi ya furaha juu."

Kifupi nilimfuata kwao kuomba msamaha. Akaniambia, "Nilikuwa nasubiri uchoke ujinga," akanisogezea kiti.

Siku hizi Chuma anatufundisha nje, pembeni ya kibanda, mchana kweupe, wazazi wamejaa kwenye benchi. Siku ya kwanza alinisimamisha.

"Umegeuza shingo."

Machozi yakanitoka. Akanifuta jasho, akasema, "Geuza tu, mdogo wangu. Itaisha yenyewe."

Haijaisha yote. Inaisha.

Wewe unayesoma hapa ukiwa na umri wangu wa wakati ule, mtu mzima akikuambia "usimwambie mama", nenda kamwambie mama kabla hajafunga mdomo. Na mama asipokuamini, usichoke. Mkalishe kwenye benchi.