Bobi, Tezi na Njia ya Beni

Nilitoka Butembo kwa sababu ya mbwa wangu, Bobi. Unayetaka kucheka, cheka sasa umalize. Ulikuwa wakati wa maasi, Wabelgiji wamekwisha kuondoka, na kila kundi lenye bunduki lilipita Vulamba, mtaa wetu, kutafuta mbuzi na wanaume. Bobi ndiye aliyewasikia kwanza. Akibweka tu, mke wangu Masika anakamata watoto, tunakimbilia migombani. Sasa Bobi huyo alikuwa anajikamua kwa tone la mkojo lenye damu, na miguu ya nyuma inalegea.

Asubuhi, kabla sijatoka, jirani yangu Paluku alileta mashauri. "Umukate, atapona."

"Balishamukata angali mutoto!"

Ndiyo desturi yetu: mbwa wa mlangoni hutolewa mapumbu mapema, asizurure akifuata majike. Paluku mwenyewe ndiye aliyeshika miguu siku ile. "Basi," akasema, "pengine bamukate tena." Tena nini, Mungu wangu?

Sokoni, Papa Ramazani, dereva Muislamu, alikubali kutupakia nyuma ya kamyo, lori lake la kwenda Beni, mbali na samaki wakavu wa Kyavinyonge. "Mate yake isiniguse, Kambale, niko na udhu." Kabla ya kuwasha akachungulia dirishani: "Lakini, sababu gani haumukate?" Nilipanda tu, maana kamyo ilikuwa yake.

Maboya, kwenye barieri ya kuzuia magari, askari aliniita kwa Kilingala nije kwake: "Yaka awa! Iyo imbwa inalia nini?" Nikamweleza habari za mkojo. Akafikiri sana. "Papa, umukate."

"Chef, angalia muzuri! Hakuna kitu ya kukata!"

Wenzake walicheka hata wakasahau kutupekua.

Mchana tulifika Beni, mtaa wa Beu, kwa munganga wa nyama, daktari wa wanyama. Alipaka kidole mafuta, akakiingiza chini ya mkia. Bobi alilia. Kisha munganga akauliza: "Balishamukata?"

Nilitaka kumkumbatia. Hatimaye mtu anauliza kabla ya kusema! "Ndiyo, munganga. Zamani."

Akanawa mikono polepole. "Angekuwa na mapumbu, ningesema tezi dume imevimba tu. Ningemukata, ingenywea. Lakini mwenye kukatwa, tezi yake inabakia kadogo. Hii ni kubwa, ngumu sawa jiwe. Donc, maana yake ni kansa, na miguu inalegea sababu imeshafika mu mifupa ya mugongo. Dawa hakuna, ndugu yangu."

"Basi umukate tena," nikasema. Ndiyo, mimi!

Hakunicheka. Alileta sindano ya kumpumzisha, akaniambia nimshike kichwa. Bobi alikuwa ananiramba mkono, halafu akaacha. Niliona uchungu ambao sikutegemea kuuona kwa ajili ya mbwa.

Kesho yake nilirudi Vulamba. Paluku alifungua mdomo njiani; nilipita. Nyumbani nikamweleza Masika nilichojifunza Beni: kwamba kukatwa hakumkingi mbwa na kansa ya tezi, na kwamba kwa mbwa aliyekatwa, tezi ikivimba, ni vibaya zaidi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akautazama mlango usio na mbwa, akawalaza watoto wakiwa na viatu miguuni.