Filta Niliyoifua

Fundi Jovina haamini rangi ya oili. Mteja akichomoa kijiti cha kupimia, akaona oili nyeusi na kuanza kulalama, humjibu, "Ya dizeli lazima iwe nyeusi, inabeba masizi. Nionyeshe filta." Kisha anaikata filta ya zamani kwa msumeno, anaikunjua karatasi yake juani na kuikagua mkunjo kwa mkunjo. Ana miaka kumi na minane kwenye gereji hii ya Katandala, kazi aliyoanza kwa kumshikia kaka yake spana. Madereva tulimcheka, na mimi Clemens nilimcheka kuliko wote. Nina mdomo, sikatai.

Gereji yenyewe iko kwenye kiwanja cha bosi wangu, Rahim, mwenye lori ninaloendesha. Jovina ndiye aliyembembeleza afunge filta ya pili, ndogo, pembeni ya injini. Inavuta oili kidogo kidogo, inachuja uchafu mwembamba ambao filta kubwa inaupitisha, inairudisha. Rahim alikubali kwa shingo upande.

Basi sikia nilichofanya. Masika yale Jovina alinipa filta kubwa mpya na oili, nibadilishe mwenyewe Kasesya nikisubiri foleni ya mpakani. Njiani nikamkuta dereva mwenzangu, Felisiani, kakwama, filta yake imetobolewa na jiwe. Nikampa yangu. Hapo sijutii. Lakini Kasesya nikamwaga oili, nikaweka mpya, na ile filta ya zamani nikaifua. Ndiyo, tunasema kufua: unaijaza dizeli, unaitikisa, unamwaga, unarudia mpaka dizeli itoke safi. Waliotufundisha usukani walifua, na sisi tukafua. Jovina alipopiga simu nikamwambia nimeweka mpya. Ningesema kweli, angenisema hadi Krismasi.

Jumanne moja, lori limeshapakiwa saruji ya kupeleka Ilemba, injini ikaanza kugonga. Jovina akaifungua filta kubwa, akaikata. Karatasi ilikuwa imechanika kwenye mikunjo. Akaifungua na ile ndogo: imejaa chenga za shaba, zinang'aa.

"Beringi zinalika," alisema. "Hii ndogo imezuia ilichoweza. Ile kubwa ilikuwa inapitisha kila kitu."

Rahim alikuwa amesimama nyuma yetu. "Filta kubwa alinunua nani?"

"Mimi, bosi."

"Basi umeniletea feki. Na hilo lidude lako la pembeni linainyima injini oili. Ling'oe, halafu kusanya spana zako. Leo hii nataka kiwanja changu."

Jovina aliigeuzageuza ile karatasi, akainusa, akaisogeza karibu na macho.

"Boksi lilikuwa zima," alisema polepole. "Niliikagua. Au sikuikagua vizuri? Labda ni mimi kweli."

Na mimi kimya. Mimi mwenye mdomo! Nilikuwa nawaza watoto, ada, kibarua.

"Clemens, funga filta nyingine, uwashe gari," Rahim akaniamuru. "Saruji inasubiriwa. Ukirudi tutaangalia hizo beringi."

Nikafunga, nikapanda, nikawasha. Nilikuwa tayari kwenda, Mungu anisamehe, alimradi nitoke pale. Jovina akaja mbio, akaushika mlango.

"Mdogo wangu, shuka. Injini ikikwama ghafla kwenye ule mteremko wa Ilemba na mzigo huu, hata breki hutazipata. Mimi nifukuzwe, haidhuru. Wewe shuka."

Nikazima gari, nikashuka.

"Bosi, filta hii siyo aliyoninunulia Jovina. Ile nilimpa mtu. Hii ni ya zamani, niliifua Kasesya."

Rahim alinitazama, kisha akanyoosha mkono. Nikampa ufunguo. Hakuna aliyehitaji kuniambia kwamba kazi imekwisha. Akamgeukia Jovina. "Samahani, dada yangu. Nimekukosea. Kiwanja ni chako kama kawaida, na hiyo filta ndogo usiiguse."

Jovina hata hakumsikia, nadhani. Alikuwa ananitazama mimi, machozi yanamtoka, na sijawahi kumwona akilia, hata jeki ilipomponda kidole.

"Muda wote huo ulikuwa unajua?"

"Nilijua, dada."

"Nikajiona mimi ndiye nimeua injini. Nimesimama hapa najiuliza ni magari mangapi mengine nimeyaharibu kwa mikono yangu. Nawe umesimama, unaniangalia!"

Nilimwomba radhi siku ile, nikamwomba tena kanisani mbele ya mke wangu, Silvana. Jovina alisema amesamehe. Siku hizi nabeba mizigo kwa guta, na kila asubuhi napita pale gereji. Namsalimia, anaitikia, kisha anaendelea na kazi yake.