Aliyecheza Mama Giza

Clotilde Mwelwa alijua kuanguka. Tangu alipokuwa msichana mwembamba katika kikundi cha michezo cha parokia, aliweza kudondoka jukwaani kama gunia la makaa na kuinuka bila kuumia hata kidole. Sauti yake nayo ilikuwa nzito kuliko ya wavulana wengi, kwa hiyo kila walipohitaji Herode au mfalme mkali, hawakupoteza muda kumtafuta mtu mwingine.

Alipoolewa aliacha. Mumewe, karani wa reli, hakumkataza. Ni maisha tu yalijaa mengine. Kisha mume akafariki, na Christiane, binti yao wa pekee, akaolewa Kolwezi. Clotilde akabaki peke yake katika nyumba ya vyumba viwili huko Katuba, akiuza munkoyo. Alitwanga mizizi mwenyewe, akaichanganya na uji wa mahindi, akaacha ndoo ilale, na ikipambazuka kinywaji kilikuwa tayari. Maseremala wa barabara ile walikunywa kwake, na walimu, na wauza nguo za mitumba. Jirani yake Mado, aliyepakana naye ukuta kwa ukuta, ndiye aliyeonja kila ndoo mpya mbele ya watu wote, na ndiye aliyelalamika kwanza ikiwa sukari ni haba.

Siku moja mbuzi wa mtu aliingiza mdomo kwenye ndoo, na Clotilde akamfokea. Kijana mmoja aliyekuwa akinywa pale alishtuka hadi kikombe kikamtoka mkononi. Alikuwa Michée, mpiga picha za harusi.

"Mama, hii sauti unaitosha wapi?"

"Ku tumbo, papa. Kwani ilikuumiza?"

"Hapana. Niko nafanya filamu, na ninatafuta muntu mubaya."

"Mubaya? Miye?"

"Mubaya wa kuchekesha, mama. Mubaya wa kuanguka-anguka."

Neno hilo la kuanguka ndilo lililomnasa.

Filamu iliitwa *Batatu na Mama Giza*. Ndani yake Mama Giza, malkia wa wachawi, anaiba sauti za watu na kuzifungia katika kibuyu. Katuba nzima inabaki bubu: wachuuzi wanapanua midomo bure, jogoo wananyoosha shingo bila kitu kutoka, wanawake wanagombana kwa mikono. Marafiki watatu ndio wanaokwenda kupambana naye, na hawana akili hata ya kumfukuza kuku: fundi baiskeli, mwashi ambaye kuta zake huanguka, na mwimbaji wa kwaya anayeogopa panya. Wanajivika sufuria kichwani, wanabeba chandarua na mchi, na katika kila pambano wanapigana wao kwa wao kuliko wanavyompiga adui.

Fundi baiskeli alichezwa na Doudou, akiitwa Doudou humo ndani pia, ambaye katika maisha ya kweli alikuwa akishona viatu. Wengine wawili walikuwa Guelor na Nono. Walirekodi katika ua wa baba yake Michée. Clotilde alivaa kanzu ya pazia jeusi, nywele za katani, na meno ya ganda la chungwa. Mwisho wa filamu marafiki wanamwaga mlenda wa bamia sakafuni, na Mama Giza anateleza ua mzima hadi anatumbukia kwenye pipa, kichwa kwanza, na sauti zote zinarudi kwa wenyewe.

Bamia ile waliichemsha kweli, sufuria kubwa ya karamu. Mara ya kwanza Nono aliteleza kabla ya zamu yake, akamkumbatia Guelor, Guelor akakamata mguu wa kamera, na kamera ikaenda chini pamoja nao. Michée alitaka kukasirika, akashindwa, akakaa chini palepale penye mlenda na kucheka hadi machozi. Clotilde alipoteleza yeye, Doudou alikuwa amejificha nyuma ya pipa akiwa na godoro la kumpokea, na kila mara alimuuliza kwa kunong'ona, "Mama, uko muzima?" naye akajibu kutoka ndani ya pipa, "Usinitoshe kwanza, nicheke." Mchana walikula bukari, yaani ugali, na samaki katika sahani moja. Jioni alirudi nyumbani ana michubuko mapajani, na alipofungua mlango hakuona kwamba nyumba ni tupu. Mambo kama hayo hayakuwa yamempata tangu azikwe mumewe.

Filamu ilionyeshwa katika ukumbi wa parokia. Clotilde alikuwa nyuma kabisa akiwamiminia watu munkoyo, kwa hiyo aliiona kwa vipande, kati ya vichwa. Lakini kicheko alikisikia chote. Baada ya hapo filamu ikaruka kutoka simu hadi simu.

Mwanzoni ilikuwa raha. Watoto walimwona na kupiga kelele "Mama Giza!" wakakimbia huku wakicheka. Kisha, hakuna ajuaye ni wiki gani, wakaendelea kukimbia lakini hawakucheka tena. Mzee mmoja wa barabara ile, mgonjwa wa muda mrefu, alikufa. Mtu akakumbuka kwamba alikuwa mteja wa munkoyo. Seremala mmoja akaacha kupita. Kanisani, benchi alilokalia Clotilde lilibaki na nafasi kushoto na kulia, na waliochelewa walisimama ukutani wakijifanya hawaoni nafasi hiyo. Hao watatu, kwa upande wao, walikuwa wakisalimiwa kila kona. Watu walimnunulia Nono vinywaji ili tu wamwone akijimwagia.

Halafu mjukuu wa Mado akashikwa na homa. Katika homa hiyo alipiga kelele usingizini, na alichopigia kelele ni Mama Giza. Mama mmoja wa kikundi cha maombi akasema hayo si maneno ya mtoto, mtoto anaonyeshwa anayemloga. Alasiri watu wakajaa mbele ya mlango wa Clotilde. Shefu wa mtaa, mtu mzima asiyependa vurugu, akawahi kuwatangulia na kuwaambia wote wahamie uani kwake, huko wataongea wakiwa wamekaa.

"Mutoto anaita jina yake mu usingizi," alisema Mado. "Sasa miye niseme nini?"

"Anaita Clotilde?"

"Anaita Mama Giza."

"Si hiyo ni jina ya mu filamu?" shefu aliuliza.

Yule mama wa maombi akadakia: "Shefu, shetani hachezewi. Mwenye kuvaa nguo yake, amekwisha kumufungulia mulango."

Wengi wakaitikia kwa kuguna. Hapo ndipo Doudou, Guelor na Nono walipoingia mbio. Habari ilikuwa imewafikia. Clotilde aliwaona na moyo ukatua. Nono, ambaye hakuwa akiigiza, alijikwaa kwenye benchi na kuanguka kifudifudi mbele ya shefu.

Ua wote ukalipuka kwa kicheko.

"Bababa na bamama," Doudou alisema, "mama huyu iko muntu muzuri. Meno ilikuwa ganda ya machungwa. Nilizikata mi mwenyewe, na kisu yangu ya viatu."

Wakacheka zaidi.

"Niko nasema kweli!"

Hapo watu wakashika mbavu, kwa sababu ndivyo alivyosema katika filamu, kwa sauti ileile, kabla sufuria haijamwangukia. Guelor alijaribu kueleza habari ya bamia. Alipotaja bamia tu, hakuna aliyesikia sentensi iliyobaki. Nono alianza kulia, machozi ya kweli, na watu wakamwonyesha kidole na kupigana mabega. Doudou alisimama mikono imening'inia, akimtazama Clotilde kama mtu anayezama mbele ya yule ambaye yeye ndiye aliyekuja kumwokoa.

Clotilde akaelewa. Hawa wamependwa kiasi kwamba hawawezi tena kusema ukweli ukaaminiwa. Na yeye, hata akicheza, ataonekana anasema kweli. Akainuka. Kicheko kikakatika, na waliokuwa karibu naye wakavuta viti nyuma.

"Mado," alisema, na alijitahidi kuipunguza sauti yake. "Miaka yote ulikuwa unaonja munkoyo yangu. Iko siku ilikuumiza tumbo?"

Mado alitazama chini. "Hapana."

"Siku nilikukatalia chumvi iko?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Sijue, mama Christiane. Naogopa tu."

Hasira aliyokuja nayo Clotilde ikapoa, na alitamani isingepoa. Uongo angeujibu. Jibu hili lilikuwa la kweli, na alilisema Mado, mwanamke aliyemshika mkono siku ya mazishi ya mumewe.

Mtoto alipelekwa kwenye zahanati. Ilikuwa malaria, akapewa dawa, akapona. Shefu akatamka mbele ya wote kwamba hapa hakuna mulozi, na atakayemgusa mama huyu atajibu kwake. Hakuna aliyemgusa. Walishika amri hiyo vizuri mno: hawakumgusa, hawakumsalimu, hawakumnunulia. Ndoo ilikaa imejaa hadi jioni. Alikunywa vikombe viwili yeye mwenyewe, iliyobaki akaimwaga kwenye shina la mpapai. Baada ya siku kadhaa alisikia mwiko wa mwashi upande wa pili. Mado alikuwa anapandisha ukuta. Clotilde alikaa kwenye kiti chake uani na kusikiliza kila tofali likigongwa mahali pake.

Alipompigia Christiane, binti alisema, "Mama, kuja Kolwezi." Lakini alisema kwa sauti ya chini, na nyuma yake mkwe aliuliza ni nani. Clotilde akajibu kwamba atafikiri. Hakufikiri sana. Mumewe alikuwa amemwachia kiwanja huko Kasungami, pembeni ya mji, chumba kimoja na shamba dogo. Akahamia huko mvua zilipokaribia.

Kasungami hakuna aliyemjua. Alilima matuta ya viazi vitamu na mahindi. Upande wa pili wa ua wa majani aliishi Chisanga na mumewe na watoto, watu waliotoka Lukafu, wakulima hodari. Chisanga alimpa mbegu ya mihogo bila kuombwa, na akamwita Mama Christiane kwa sababu ndivyo alivyojitambulisha. Wakati mwingine siku nzima ilipita bila yeye kutumia sauti yake, mpaka kuku wa Chisanga waingie shambani. Hata hapo aliwafukuza kwa kupiga makofi. Kila dimanche, yaani Jumapili, baada ya misa Doudou alimpigia simu. Aliahidi kwamba mahindi yakifika magotini atakuja kuyaona, na yalipofika, akasema, "Dimanche ijayo, mama, na baiskeli yangu." Clotilde akamtangazia Chisanga kwamba mwanawe mmoja wa Katuba atakuja.

Alhamisi, jua likishuka, alikuwa akipalilia aliposikia sauti yake mwenyewe ng'ambo ya ua. Ilikuwa ikidai kibuyu. Jembe likasita mkononi. Familia ya Chisanga ilikuwa imekusanyika kwenye mkeka kuzunguka simu ya baba, na walikuwa wakicheka.

"Mama Christiane!" Chisanga alimwona kichwa juu ya ua. "Kuja uone bintu bya kuchekesha! Kuja, kuja!"

Angeweza kusema anaumwa. Lakini alikuwa hajawahi kuiona filamu ile yote, na alikuwa hajaitwa na mtu muda mrefu. Akapita kwenye uwazi wa ua, akakaa pembeni ya mkeka. Kwenye kioo kidogo, chini ya nywele za katani na vumbi jeupe alilopakwa usoni, hakuna ambaye angemtambua. Falonne, mtoto mdogo wa Chisanga, aliogopa, akatambaa hadi mapajani mwa Clotilde na kuficha uso kwenye kitenge chake.

"Bibi, amekwenda?"

"Bado," Clotilde alimnong'oneza. "Subiri."

Ilipofika bamia, alijiona akiteleza. Kumbe ilikuwa ndefu vile! Kumbe mikono yake ilipepea namna ile, kama bata! Alicheka hadi akashika ubavu, na Chisanga akacheka kwa kumwona yeye anavyocheka, na mkeka mzima ukatikisika. Kwenye ukingo wa picha, nyuma ya pipa, ilionekana ncha ya godoro na vidole vya mtu. Michée hakuwa ameviona. Clotilde aliviona.

"Huyu wa baiskeli," mume wa Chisanga alisema akifuta macho, "huyu nikikutana naye njiani, nitakufa."

Clotilde akaacha kucheka. Alikaa mpaka filamu ikaisha, akamrudisha mtoto kwa mama yake, akashukuru, akaenda kwake. Ijumaa alishinda shambani. Jumamosi alimpigia Doudou.

"Usikuje kesho, papa."

"Mama iko mugonjwa?"

"Hapana. Filamu imefika huku."

Doudou akauliza, "Banakujua?"

"Miye, hapana. Lakini weye batakujua kabla ushuke ku baiskeli. Na bakikujua weye, bataniangalia miye."

"Nitavaa kofia. Na lunettes ku macho."

"Utaanguka ku mulango, Doudou."

Wakacheka wote wawili, muda mrefu kidogo kuliko utani ulivyostahili. Kisha Doudou akauliza, "Sasa tutaonana wapi?" Wakapanga mjini, na kweli walionana mjini mara mbili, wakanywa soda wakiwa wamesimama, kila mara watu wakamjia Doudou kumshika mkono na Clotilde akasogea pembeni. Baadaye mvua zikakaza, Doudou akapata kazi kwenye mgodi mbali, na simu za dimanche zikapungua.

Ile dimanche yenyewe ya ugeni, Clotilde alipika kuku aliyekuwa amekwisha kumchinja kabla ya kupiga simu. Chisanga alichungulia uani na kuuliza mgeni yuko wapi.

"Kazi imemushika."

"Ah, pole, mama. Na hii chakula yote?"

Clotilde akamwambia atume watoto. Wakaja na mikono iliyooshwa, wakala bukari na kuku mpaka mchuzi ukaisha, kisha wakakimbilia katikati ya matuta kucheza. Mmoja alitaka kuwa Doudou, na wa pili pia, na wa tatu akalia kwa sababu alitaka kuwa Doudou yeye. Clotilde alikusanya sahani, akakaa kwenye kizingiti na beseni la maji, akawa anaosha taratibu ili wasiondoke mapema.