Kurasa Kumi Nilizoziruka

Kila mtu ana aibu yake ya kuhadithia, mwingine kaanguka sokoni, mwingine kamtumia bosi ujumbe wa mume, na wakizisimulia mnacheka na wao wanacheka. Ya kwangu mkicheka chekeni mwanzoni tu, maana mwisho wake mie mwenyewe sijaweza kuucheka mpaka leo. Mie Mwanaidi, mwenye mdomo huu mnaoujua, nilimwigiza marehemu kaka yangu mbele ya watu ishirini na kitu, nikamfanya jini, na mjane wake amekaa dawati la tatu ananitazama.

Tuna kikundi chetu cha wasomaji. Tunakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi huku Temeke, kwenye darasa la chekechea tunaloazimwa (viti vyenyewe vya watoto, ukikaa magoti yanakaribia kidevu), na tunasoma hadithi za mapenzi, basi. Wala msidhani tunaelewana. Sudi, dereva wa lori kwenye yadi ya makontena Kurasini, kwake mapenzi bila bastola si mapenzi, lazima binti awe mpelelezi na busu la kwanza litokee ndani ya gari linalokimbizwa. Mama Neema anataka walokole wawili waombeane mwaka mzima ndipo washikane mikono. Rukia na wenzake ni watu wa majini ya huba, mwanaume anatokea ukutani ananukia udi, anajua jina lako na siri zako zote. Halafu tupo sie wa maisha halisi, tunaotaka kwenye hadithi kuwe na mama mkwe, maji yamekatika na mtu anakoroma. Mie ndiye niliyekuwa msemaji wa chama hicho, tena kwa ukali, mpaka wakanipachika jina la Hakimu. Nililipenda lile jina kuliko nilivyostahili.

Kiongozi wetu, Mwalimu Tekla, ni mama mstaafu wa kutoka Njombe, na yeye ndiye aliyetuwekea utaratibu mmoja ambao ndio ulionimaliza. Mwanachama akiandika hadithi yake anampa Mwalimu kimyakimya, Mwalimu anaitoa kopi bila jina la mtu, kila mmoja anakwenda nayo nyumbani wiki nzima. Siku ya kukutana tunasema maoni yetu, na mwandishi yumo humohumo amekaa kimya kama sie wengine, haruhusiwi kujitetea mpaka wote tumalize, ndipo anasimama. Mwalimu anasema mtu akijulikana atasifiwa kwa adabu, asipojulikana ataambiwa kweli.

Sasa niwaeleze kuhusu wifi yangu Saumu. Ni mke wa kaka yangu Bakari. Kaka alipigwa na kiharusi, mwili ukarudi kidogo lakini kichwa hakikurudi, akaishi hivyo zaidi ya mwaka akiwa hakumbuki kama ana mke wala nyumba, na Saumu ndiye aliyemuuguza kule Chamazi mpaka alipofariki. Mie naishi Kipawa, nina duka langu la vitenge. Kutoka Kipawa mpaka Chamazi si safari ya kuagia watu. Nilikwenda mara nne. Mara nne zote Jumapili, na machungwa yangu kwenye mfuko, nusu saa nimeshaaga, maana nilijiambia kaka hanitambui na mie kumwona vile ninaumia (utadhani mgonjwa ni mie). Saumu hakuwahi kuninenea hata neno moja. Alipomaliza eda nikamwingiza kwenye kikundi ili atoke ndani, na jambo hilo nilijisifia kila mahali. Wazazi wetu walishatangulia, kaka naye hayupo, kwa hiyo kwetu kulikobaki ni kwa Saumu. Nikimkosa yeye sina mlango wa kubisha siku ya Idi.

Basi mwezi ule Mwalimu akagawa hadithi, kurasa kumi na mbili, imeandikwa juu Mgeni wa Alhamisi. Wiki hiyo nilikuwa napokea mzigo dukani. Nikaisoma nimesimama, huku nahesabu doti. Ukurasa wa kwanza, jioni ya Alhamisi, mwanamke yuko peke yake nyumbani, hodi inagongwa, anafungua anakuta mwanaume amevaa kanzu nyeupe iliyonyooka, ananukia udi, anamwita kwa jina la utotoni analolijua mama yake tu, anamwambia nimekuja kuposa. Ukurasa wa pili, Alhamisi nyingine, hodi ileile, mwanaume yuleyule, anajitambulisha upya kana kwamba hajawahi kufika. Nikafunga. Nikasema hii naijua, hawa ni kina Rukia na majini yao, nikizisoma hizo kumi zilizobaki nitapata faida gani. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo hivyo, sikuupa hata dakika.

Ijumaa Saumu akanipigia simu. Akauliza hali, akauliza biashara, halafu akasema, "Wifi, ile hadithi umeisoma?"

"Nimeimaliza tangu juzi," nikamjibu.

Akauliza tena, "Umeionaje?"

"We subiri kesho utanisikia."

Akasema haya, Mungu akipenda. Nilimwona mtu anayetamani kuonja maoni ya Hakimu kabla ya wenzake, nikavimba kichwa.

Jumamosi nikaomba kuanza mie, kwa kisingizio cha kuwahi dukani. Nikasimama mbele nikaanza kushusha. Nikasema jamani majini haya yatatumaliza, yaani mwanamke mtu mzima kila wiki anamfungulia mlango kiumbe asiye na anuani, hana ndugu, hana kazi, kazi yake kunukia tu. Watu wakacheka. Wenye busara hukaa chini wakishachekewa, mie nikakolea. Nikachukua mtandio wangu mweupe nikajizungushia kama kanzu, nikatoka nje ya darasa, nikafunga mlango, nikagonga. "Hodi," nikasema kwa sauti nzito ya puani, ile ya majini ya kwenye filamu, "nimekuja kuposa." Nikaingia nikitembea kama ninaelea, nikatoka tena, nikagonga tena, "Hodi, nimekuja kuposa, kwani tunajuana?"

Mara ya pili hakucheka mtu. Mie nikajua wamezidiwa na ufundi.

Sudi akainua mkono. "Dada Hakimu, samahani. Umefika mpaka mwisho?"

"Nimefika na nimepita."

"Yule mgeni anaondokaje?"

Hapo ningesema kweli ningeokoka. Nikasema, "Anasomewa dua, anatokea dirishani, wanavyotokaga wote."

Rukia akainamia makaratasi yake. Mwalimu Tekla akavua miwani, akaifuta, akairudisha. "Kaa, Mwanaidi," akasema. "Sudi, endelea wewe."

Nikakaa kwenye kiti cha mtoto, mtandio ungali mabegani, na hadithi ambayo sikuisoma nikaanza kuisikia kwenye midomo ya watu. Sudi alisema nyie mnanijua mie na bastola zangu, humu hamna hata wembe, ila niliisomea getini kwenye foleni ya malori, foleni ikasogea nikamwambia dereva wa nyuma apite. Akasema yule mzee aliyepooza upande, anayeona kanzu yake imepigwa pasi Alhamisi kwa ajili ya Ijumaa, akadhani ni kanzu ya kwendea posa, akaivaa, akajikokota mpaka nje ya nyumba yake mwenyewe kubisha hodi, huyo hatamsahau. Mama Neema akasema yeye amemtamani yule mke, maana kila Alhamisi anaposwa upya na kila Alhamisi anakubali, "na mie mume wangu mzima wa afya nilimkubalia mara moja tu, tena kuna siku najuta."

Kiharusi. Kanzu ya Ijumaa. Nikajiambia wagonjwa wa kiharusi mji huu wako wengi.

Ikafika zamu ya Rukia. Akasema alianza kusoma akidhani ni jini na akafurahi, alipofika ukurasa wa nne akajua si jini, akaendelea analia. "Ila mie kuna mtu mmoja humu simtaki," akasema. "Yule dada mtu. Yule mgonjwa kila akikaribishwa ndani anauliza, dada yangu ameshafika? Posa gani bila dada? Mke anamwambia yuko njiani. Wiki inayofuata, dada ameshafika? Yuko njiani. Kurasa zote hizo dada haji, na kumbe yumo mjini humuhumu. Ningekuwa mwandishi ningemtoa kabisa, anaudhi."

Wengine wakaunga mkono. Mmoja akasema dada wa hivyo wapo, wataonekana kwenye kugawana vyombo. Mwingine akasema mwandishi amemwonea huruma bure. Kila mtu akampiga yule dada la kwake, na mie nimekaa katikati yao nimekodoa macho sakafuni, sithubutu kutazama dawati la tatu.

"Mwandishi wetu asimame," Mwalimu akasema.

Nilisikia kiti kikisogea. Saumu akasimama na mkoba wake ameukumbatia. Kikundi kizima kinajua sie ni mawifi, mie ndiye niliyemtambulisha, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuelezwa. Nikaona vichwa vinageuka kwa Saumu, halafu taratibu vinageuka kwangu. Rukia akaziba mdomo kwa kiganja.

"Nashukuru kwa maoni," Saumu akasema, sauti yake ndogo kama kawaida. "Yule dada nawaomba msimseme sana. Sikuwahi kumpigia simu kumwambia anaulizwa. Niliona mtu akitaka kuja atakuja." Kisha akaongeza, "Na lile suala la jini nimelisikia. Mwanzo nitautazama." Akakaa.

Alinitetea, mnaelewa? Nimetoka kumchezea mumewe mlangoni kwa sauti ya puani, na yeye akasimama akanitetea mbele za watu. Bora angenitukana.

Wakaondoka mmoja mmoja bila kuniaga. Mie nikabaki darasani, nikatoa makaratasi kwenye pochi, nikaanza ukurasa wa tatu. Nilimkuta kaka. Nilimkuta na kikohozi chake cha kusafisha koo kabla ya kubisha hodi, na ndala zake alizokuwa akizivua na kuzipanga pembeni hata kama mlango ni wake. Ukurasa wa kumi na mbili anabisha kwa mara ya mwisho, anakaribishwa, anakataa kuingia, anasema leo sikai, naona dada bado, nitarudi naye. Jumatatu yake wakatupigia simu ya msiba, hiyo haikuandikwa, hiyo naijua mwenyewe.

Nilipotoka nilimkuta Saumu nje ukutani, ananisubiri turudi pamoja kama tunavyofanyaga. Nikamwambia, "Wifi, nisamehe. Sikuwa nimeisoma."

"Nilijua ulipotoka nje kugonga mlango," akasema. "Nilishindwa kukwambia kwa mdomo, wifi. Kila nikianza naona kama nakusuta. Nikasema wewe ni msomaji, nikiandika utasoma."

Tukaongozana mpaka kituoni, kila mmoja akapanda daladala yake. Idi iliyopita nilibisha hodi kwake, akanifungulia, tukala, mambo yakaenda kama zamani. Ila Mwalimu alimwomba aendeleze ile hadithi iwe kitabu, na Saumu akamjibu ameshasema aliyotaka kusema, haandiki tena. Alisema kwa adabu, na mie nilikuwepo.

Kwenye kikundi bado nakwenda. Jina la Hakimu hawaniiti tena na sijauliza kwa nini. Nimejiapiza, siwezi kutoa neno juu ya hadithi ya mtu, iwe ya bastola, ya walokole au ya majini, mpaka nimefika nukta ya mwisho, na kwanza nasema mbele ya wote nimesoma kurasa ngapi. Wanaona kama ni mzaha wangu mpya. Kaka yangu aliniulizia Alhamisi zote zile, mkewe akaniletea ujumbe wake mpaka mkononi, nami nikaishia ukurasa wa pili.